Mwanza au Dar es Salaam: Habari kwa Mtu wa Simiyu Anayetaka Kuhama

Kila mwaka pamba inapokwisha kuuzwa na fedha kuingia mikononi mwa watu, swali moja huzuka katika vijiji vya Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega. Kijana aliyemaliza shule, au mtu mwenye mke na watoto ambaye shamba lake limekuwa dogo, humwendea mwalimu au mtendaji wa kijiji akamwuliza, "Je, niende Mwanza, au niende Dar es Salaam?" Mara nyingi aulizwaye hujibu kwa yale aliyoyasikia tu, kwamba Dar es Salaam kuna fedha na Mwanza kuna samaki. Jibu la namna hiyo halimfai mtu aliye tayari kuuza ng'ombe wake. Kwa hiyo tumeona yafaa kuieleza habari hii kwa urefu kidogo, ili wazee, walimu na watendaji wanaoombwa shauri wawe na neno la kusema.

Kuhama si jambo geni kwa Wasukuma. Baada ya Vita Kuu ya pili Serikali ya wakati ule ilifanya mpango wa kuwatoa watu katika sehemu za Usukuma zilizojaa mno na kuwapeleka upande wa Geita, na shirikisho la watemi wa Usukuma lilikuwa na makao yake Malya. Baadaye wengi walikwenda kwa hiari yao wenyewe, wakiswaga mifugo yao, hata wakafika Usangu, Rukwa na bonde la Kilombero. Lakini wale wote walihama kutoka shamba kwenda shamba. Mtu aliyefika na jembe na ng'ombe aliweza kuanza kazi siku ya pili yake. Ahamaye kutoka shamba kwenda mjini huliacha jembe nyumbani, na tangu siku ile hununua kila kitu: maji, mkaa, mboga, na hata mahali pa kulaza ubavu. Neno hili lisisahauliwe katika hesabu zote zitakazofuata hapa chini.

Kwanza tuitazame miji yenyewe. Dar es Salaam ilianzishwa na Sayyid Majid, Sultani wa Unguja, katika miaka ya 1860, na Wadachi wakaifanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Mwanza nayo ilianza kuwa Boma la Wadachi mwaka 1892, kando ya Ziwa Viktoria, na reli iliyotoka Tabora ikaifikia mwaka 1928. Mwaka 1957 watu wa Dar es Salaam walihesabiwa wakawa 128,742, na Mwanza ilikuwa mji mdogo wa watu wapatao 20,000 tu. Katika hesabu ya mwaka 2022 mkoa wa Dar es Salaam, ambao karibu wote ni mji, ulikuwa na watu 5,383,728. Mwanza mjini, yaani wilaya mbili za Nyamagana na Ilemela pamoja, ilikuwa na watu 1,104,521. Mkoa wetu wa Simiyu mzima ulikuwa na watu 2,140,497. Basi msomaji aone kwamba Dar es Salaam peke yake ni kama mikoa miwili ya Simiyu pamoja na nusu, wote wakikaa mahali pamoja.

Lakini ukubwa si jambo la pekee la kutazamwa. Tukilinganisha hesabu ya mwaka 2012 na ile ya mwaka 2022, twaona kwamba Dar es Salaam iliongezeka kutoka watu 4,364,541, nayo ni nyongeza isiyofika robo. Mwanza mjini iliongezeka kutoka watu 706,453, nayo ni nyongeza iliyozidi nusu. Watu wengi wa kanda yetu, basi, wamekwisha kupiga kura kwa miguu yao. Hatusemi kwamba wote walichagua vyema. Wengine walikwenda Mwanza kwa kuwa nauli ya kufika mbali zaidi hawakuwa nayo. Walakini jambo hili lafaa kujulikana na yule adhaniye kwamba kila mwenye akili huenda pwani.

Sasa tuje katika umbali, maana hapo ndipo penye mambo makubwa, nasi twaona kwamba watu huyapima kidogo mno. Kutoka Bariadi hata Mwanza kwa njia ya Lamadi na Magu ni kilometa zisizofika 200, na barabara yote ni ya lami. Mtu akitoka Bariadi asubuhi hufika Mwanza kabla ya jua kutua, na saa za mchana humbakia. Kwenda Dar es Salaam ni kupita Maswa, Mwigumbi, Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma na Morogoro, safari ipitayo kilometa 1,000. Ni kweli kwamba tangu Julai 2024 garimoshi la umeme huenda kati ya Dodoma na Dar es Salaam, na sehemu hiyo ya safari imekuwa nyepesi. Na reli mpya ya namna hiyo hiyo kati ya Mwanza na Isaka ilianza kujengwa mwaka 2021. Hata hivyo aendaye Dar es Salaam hawezi kurudi nyumbani kwa siku mbili akawahi kazi yake.

Mtu atasema, "Kwani mimi nitarudi mara ngapi?" Tumjibu kwa kumhesabia. Mvua za kwanza zinyeshapo, mwezi wa Novemba au Desemba, shamba lataka mtu. Aliye Mwanza anaweza kuja Ijumaa jioni, akalima au akasimamia walimaji siku mbili, akarudi. Na mwezi wa Juni akaja tena kuchuma pamba au kuvuna mtama. Kwa njia hiyo chakula chake cha mjini hutoka nusu shambani kwake, na gunia la mahindi au la viazi vikavu hupelekwa kwa gari la abiria kwa nauli ndogo. Tumeona familia nyingi Mwanza zilizosimama kwa sababu hiyo tu, ambazo kwa mshahara peke yake zingalianguka mwaka wa kwanza. Aliye Dar es Salaam hana msaada huo. Shamba lake ama hulimwa na ndugu, naye hupewa shukrani kuliko mahindi, ama hukodishwa, ama huota magugu.

Na yako mambo ya ugonjwa na msiba, ambayo mtu hapendi kuyataja wakati wa kufunga mizigo. Mama akiugua Dutwa, mwana aliye Mwanza hufika siku ile ile. Na mtu wa kwetu akifa mbali, wazee hutaka alale kwao, karibu na baba zake. Kumsafirisha maiti kutoka Mwanza hata Bariadi ni gharama, lakini ni gharama ambayo jirani na ndugu wakichanga huiweza. Kumsafirisha kutoka Dar es Salaam ni mwendo wa siku nzima na usiku, na waombolezaji wana haja ya gari na chakula njiani. Ndiyo maana watu wa kanda yetu walioko Dar es Salaam hufanya vyama vya kuzikana, kila mwezi wakitoa mchango. Ahamiaye huko na ajiunge na chama cha namna hiyo katika mwezi wake wa kwanza, wala asingoje hata apate kazi nzuri. Mchango ule auandike katika matumizi yake kama aandikavyo kodi.

Haya, tuseme habari ya kazi. Hapana budi tukiri kwamba katika jambo hili Dar es Salaam ni kubwa kuliko Mwanza, tena kwa mbali. Iko bandari ipokeayo mizigo ya nchi yetu na ya Kongo, Zambia, Rwanda na Burundi. Viko viwanda vingi kando ya Barabara ya Nyerere, ambayo zamani ikiitwa Barabara ya Pugu. Na iko Kariakoo, iliyopata jina lake kwa wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza, ambako wafanyabiashara wa nchi nzima huja kununua vitu kwa jumla. Fundi mwenye ujuzi hasa, kama fundi wa umeme, wa mabomba, wa mitambo ya baridi, au mtu aliyesoma hesabu za biashara, atapata huko wenye kumhitaji wengi zaidi, na mshahara wake kwa kawaida utakuwa mkubwa kuliko wa Mwanza. Mtu wa namna hiyo tukimwambia abaki karibu tutakuwa tumemdhulumu.

Lakini wengi wanaotuuliza hawana ufundi huo. Wana nguvu, wana elimu ya darasa la saba au kidato cha nne, na wanajua kulima na kuchunga. Mtu huyu Dar es Salaam atasukuma mkokoteni, atauza maji na karanga njiani, atalinda nyumba za watu usiku, au ataendesha pikipiki ya mtu mwingine na kumpelekea mwenyewe hesabu kila jioni. Kazi hizo zipo Mwanza pia. Tofauti ni kwamba Mwanza yale aliyoyajua kijijini yana bei. Anajua kuchagua ng'ombe mnadani, anajua pamba na mashudu yake, anajua mchele wa Magu ulivyo na dengu za Maswa zilivyo, na anawajua wauzaji kwa majina. Dagaa na sangara hutoka ziwani na kwenda mikoani kupitia Mwaloni, Kirumba, na mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kununua magunia machache ya dagaa akayapeleka minada ya kwetu, akarudi na kuku. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, limefunguliwa, na aendaye Sengerema na Geita hangoji tena kivuko. Biashara ya upande ule imekuwa karibu zaidi na Mwanza kuliko ilivyopata kuwa.

Wako pia wanaotumaini kupata kazi ya Serikali, na hao hufikiri bado kwamba Serikali iko Dar es Salaam. Shauri la kuhamia Dodoma lilikatwa mwaka 1973, lakini wizara zilianza kuhama kweli kweli tangu mwaka 2016. Mtu anayekwenda Dar es Salaam kwa ajili ya kuzunguka katika milango ya wizara amechelewa njiani. Na hata hivyo maombi ya kazi za Serikali siku hizi hupelekwa kwa mtandao, nayo yaweza kuandikwa Bariadi mjini pasipo kupoteza nauli.

Nyumba ndiyo inayowashangaza wageni kuliko yote. Kijijini mtu hajapata kulipa kwa kulala. Mjini mwenye nyumba hutaka kodi ya miezi mitatu, mara nyingi sita, na wengine mwaka mzima, yote ikitolewa kabla ya kuingia. Tena yuko dalali aliyeonyesha chumba, naye Dar es Salaam huwa na desturi ya kutaka kodi ya mwezi mmoja iwe ujira wake. Basi mtu apangaye chumba kwa miezi sita hulipa fedha ya miezi saba siku moja, na bado hajanunua kitanda wala sufuria. Desturi hizi ziko Mwanza vile vile, lakini kodi yenyewe kwa vyumba vinavyolingana ni ndogo, na mara nyingi mtu wa Simiyu huwa na ndugu Igoma, Buhongwa au Nyakato atakayempokea kwa miezi ya kwanza. Neno la tahadhari: asimlipe dalali kabla ya kuonana na mwenye nyumba mwenyewe, na mapatano yaandikwe, yakatiwe sahihi mbele ya shahidi, ikiwezekana katika ofisi ya Serikali ya Mtaa. Yako matukio ya chumba kimoja kukodishwa kwa watu watatu kwa siku moja, na dalali asionekane tena.

Na mwenye kodi nafuu ajue ameipata kwa sababu gani. Dar es Salaam vyumba vya bei ndogo viko pembeni, Chanika, Mbagala, Gongo la Mboto, Bunju, au mbele ya Mbezi. Tumhesabie mtu akaaye Chanika na kufanya kazi mahali ambapo humlazimu kupanda magari mawili. Kwenda na kurudi ni nauli nne kila siku. Katika siku ishirini na sita za kazi ni nauli 104 kwa mwezi. Mtu akaaye Igoma na kufanya kazi Mwanza katikati hupanda gari moja, nazo ni nauli 52. Tena saa. Ni kweli kwamba tangu mwaka 2016 yako mabasi yaendayo kwa njia yao wenyewe katika Barabara ya Morogoro, na yamewasaidia walio karibu na njia ile. Lakini wako wengi waamkao saa kumi ya usiku ili wawahi kazi ya saa moja na nusu, nao huwaona watoto wao wakiwa wamelala, asubuhi na usiku. Mwanza nayo ina dhiki yake. Vilima na mawe makubwa vimeubana mji, hata umeota kama vidole vya mkono kufuata barabara tatu, moja ya kwenda Musoma, moja ya kwenda Shinyanga na moja ya kwenda uwanja wa ndege. Barabara moja ikifungwa, upande ule wote husimama.

Mawe hayo yana neno jingine. Maskini wengi wa Mwanza wamejenga juu ya vilima, Bugarika, Mabatini, Igogo na kwingineko, ambako gari halifiki na kila ndoo ya maji na kila mgonjwa hupandishwa au kuteremshwa kwa miguu. Mtu atazamaye kutoka ziwani huona uzuri. Mwenye magoti mabovu na asipange huko. Dar es Salaam shida ni mabondeni. Mwezi wa Desemba 2011 mvua kubwa iliua watu katika bonde la Msimbazi na sehemu nyingine, na Serikali ikawahamishia wengi Mabwepande. Kiwanja kinachouzwa kwa bei ya kushangaza, karibu na mto, kina sababu yake. Anunuaye kiwanja katika mji wo wote kati ya hii miwili aende kwanza katika ofisi ya ardhi ya halmashauri aulize kama kimepimwa na kwa matumizi gani, na awaulize majirani maji hufika wapi wakati wa masika.

Habari ya maji ya kunywa tutaipita kwa upesi. Mwanza ina ziwa mlangoni, ijapokuwa mabomba hayajaufikia kila mlima. Dar es Salaam hutegemea sana mto Ruvu, na mwezi wa Oktoba 2022 mto ulipopungua, mji ulipewa maji kwa mgawo, na watu wakanunua ndoo kwa bei kubwa. Aliye Mwanza awakataze watoto kuoga na kuchezea maji ya ufukoni, kwa maana kichocho kimo humo, na malaria ya kanda ya ziwa ni kali kuliko ya Dar es Salaam. Watu wetu wengi huliona joto la pwani kuwa zito mwaka wa kwanza, hasa Desemba hata Machi. Mwanza iko juu ya bahari kwa mita zaidi ya 1,100, na usiku mtu hulala vizuri.

Kwa matibabu, Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ndiyo ya rufaa kwa kanda yote ya ziwa, na wagonjwa wetu wa Simiyu hupelekwa huko. Muhimbili na hospitali za moyo, mifupa na saratani zilizoko Dar es Salaam ni kubwa zaidi, na maradhi mengine hayana tiba ila huko. Mtu mwenye mtoto wa ugonjwa wa moyo, kwa mfano, anayo sababu ya kweli ya kuhamia pwani, hata kama hesabu nyingine zote zamwambia abaki.

Shule za Serikali za msingi na sekondari hazitozi ada katika mji wo wote, sawasawa na hapa kwetu. Lakini darasa la pembeni mwa Dar es Salaam laweza kuwa limejaa kuliko lile aliloliacha mtoto kijijini, na mzazi asidhani kwamba neno "mjini" peke yake litamfundisha mtoto kusoma. Vyuo vikuu viko kwote kuwili: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961, na Mwanza kipo Chuo cha Mtakatifu Augustino hapo Nyegezi na chuo cha waganga hapo Bugando. Jambo jingine ambalo wazazi huliuliza kwa sauti ya chini ni lugha. Mwanza mtoto atasikia Kisukuma sokoni na kanisani, na bibi yake akija kumtazama wataelewana. Dar es Salaam, katika miaka mitano, mtoto mdogo husahau, na mkutano wa mjukuu na nyanya yake huwa na mkalimani. Wako wasiojali, nasi hatuwalaumu, lakini mzazi na aliamue neno hili mapema kwa kusudi, lisije likaamuliwa na miaka.

Sasa tumfanyie mtu hesabu. Tuseme yuko mtu wa Nkololo, ana mke na watoto watatu, ng'ombe kumi na wawili, na ekari sita. Ni kosa kubwa auze vyote. Na auze ng'ombe wanne tu, na fedha yao aigawe katika mifuko mitatu. Wa kwanza ni nauli, kodi na vyombo. Wa pili ni chakula cha miezi mitatu, maana hakuna ahadi kwamba kazi itapatikana mapema. Wa tatu ni mtaji wa kuanzia biashara, na ndani yake nauli ya kurudi ambayo haiguswi. Akiandika bei za Dar es Salaam, kama atakavyoambiwa na ndugu aliyeko huko, ataona kwamba mfuko wa kwanza umeumeza wa tatu, na pengine umeuma wa pili. Akiandika za Mwanza, kwa kawaida mifuko yote mitatu itasimama. Kama ana ufundi, au ameandikiwa barua ya kazi yenye mshahara uliotajwa, hesabu hugeuka, na Dar es Salaam humlipa gharama zake katika mwaka wa kwanza au wa pili. Kwa maoni yetu, basi, asiye na ufundi wala barua na aanze Mwanza. Akiisha kujua mji na kuweka akiba, Dar es Salaam haitahama. Mwenye ufundi na aende moja kwa moja.

Tena aende kwanza peke yake, akae miezi miwili au mitatu, ndipo amwite mke na watoto. Na mke aulizwe kabla ng'ombe hawajatoka zizini. Yeye ndiye atakayechota maji kwa fedha na kulea watoto katika chumba kimoja, naye mara nyingi huona mambo ambayo mume hayaoni. Wale ng'ombe wanane na ekari sita waachwe mikononi mwa ndugu kwa maandishi, mbele ya mtendaji wa kijiji, ikitajwa idadi na rangi zao. Ardhi ya kijiji iko chini ya Halmashauri ya Kijiji kwa Sheria Namba 5 ya mwaka 1999, na mtu anayeondoka bila kumwambia mtu ye yote huleta fitina ambayo watoto wake watairithi.

Usisahau pia kwamba upo mji wa tatu. Tangu Simiyu ilipofanywa mkoa mwaka 2012, Bariadi yenyewe imekuwa makao ya mkoa, ina ofisi, hospitali ya rufaa ya mkoa, mabenki na barabara za lami, na katika miaka ya 2018, 2019 na 2020 maonyesho ya wakulima ya taifa yalifanyika hapo Nyakabindi. Vijana waliojenga vyumba vya kupangisha, mashine za kusaga na maduka ya dawa za mifugo Bariadi hawakusikiwa sana, kwa sababu hakuna aliyewaaga kwa ngoma. Mwenye mtaji mdogo na autazame mji huu kabla hajauliza nauli ya mbali.

Mwisho ni habari ya karatasi, maana wengi hurudishwa kwa kukosa karatasi. Mtu awe na kitambulisho cha Taifa, au angalau namba yake, kwa kuwa pasipo hiyo hataandikishiwa laini ya simu kwa jina lake, na siku hizi asiye na laini hawezi kupokea wala kutuma fedha. Awe na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, navyo huombwa wilayani. Awe na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji, ambayo ataipeleka kwa mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa siku chache baada ya kufika, ili ajulikane. Siku atakapohitaji dhamana au ushahidi, huyo ndiye atakayeulizwa. Na watoto wa shule wachukuliwe uhamisho kwa mwalimu mkuu kabla ya kuondoka. Twawaomba walimu wakuu wawaeleze wazazi mapema kwamba uhamisho hutaka kwanza shule ya kule iseme ina nafasi, na kwamba mambo hayo huenda kwa wepesi zaidi yakianzwa mwezi wa Novemba, kabla shule hazijafungwa, kuliko mwezi wa Januari ambapo kila mzazi yuko mlangoni.